Livingstone na mto Lualaba

Mto Lualaba tunaujua sisi wote. Unatokea huku kwetu Katanga, unapita karibu na Kolwezi, na kule Nzilo maji yake yanatoa umeme wa migodi. Kuna muzungu mumoja aliyeutafuta mpaka nguvu ikamuisha: David Livingstone.

Alizaliwa Uskoti mwaka wa 1813, mutoto wa maskini. Akiwa na miaka 10 tu, alianza kutumika katika kiwanda cha pamba, toka asubuhi mpaka usiku. Nyuma akasoma udaktari, akatumwa Afrika na misioni.

Mwezi wa tatu 1871 akafika Nyangwe, katika Maniema ya leo. Kuona Lualaba mpana vile, unaelekea kaskazini, akawaza ni Nili. Akaomba mitumbwi aufuate, hakupata.

Tarehe 15 mwezi wa saba, watu wa biashara ya watumwa wakapiga bunduki sokoni. Mamia wakakufa, wengi bamama waliokuja kuuza vitu. Wengine wakazama katika mto. Livingstone aliona, akaandika. Ile habari ilisaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar, 1873.

Mwaka ule ule akafa karibu na ziwa Bangweulu, Zambia ya leo, akingali anatafuta chemchemi za Nili. Chuma, Susi na wenzao wakabeba maiti yake mpaka Bagamoyo.

Mwaka wa 1877 Stanley akafika Boma: Lualaba ndio Kongo.

Juu ya mto, Livingstone alikosea. Juu ya bale bamama wa Nyangwe alisema kweli, na kwa hiyo tunamukumbuka.