Padri Libermann na Huzuni Iliyofichika

Wapendwa wakatekumeni, mtu akianguka kifafa, wote humkimbilia. Akiinuka, wote hurudi makwao. Je, na ugonjwa umekwenda? Sikilizeni habari za Padri François Libermann.

Alizaliwa mwaka 1802 huko Saverne, nchi ya Ufaransa, mwana wa mwalimu wa dini ya Wayahudi. Mkesha wa Noeli wa mwaka 1826 alibatizwa mjini Paris, kisha akaingia seminari. Alipokuwa karibu kupewa usubdiakoni, kifafa kilimwangusha. Sheria ya Kanisa ya siku zile ilimzuia mgonjwa wa namna hiyo asipate upadri.

Basi akakaa seminarini miaka mingi, akifanya kazi ndogo ndogo. Uso wake ulikuwa mtulivu, hata wenye huzuni walimwendea awafariji. Lakini kati ya anguko na anguko moyo wake haukupumzika. Alimkiria rafiki kwamba hakuvuka daraja pasipo kujiwa na wazo la kujitupa majini. Kumtazama Yesu ndiko kulikomzuia.

Huzuni hiyo haikuwa dhambi, wala uvivu, wala uchawi. Madaktari wa leo wanajua ya kuwa wagonjwa wengi wa kifafa, na wenye maradhi ya huzuni kuu, hubaki na masalio ya ugonjwa hata siku zinazoonekana njema: usingizi mbaya, uchovu, kukosa furaha.

Polepole kifafa kilimpungukia. Mwaka 1841 alipewa upadri, akaanzisha shirika la kuwahudumia watu weusi waliotoka utumwani. Mwaka 1848 liliunganishwa na Shirika la Roho Mtakatifu, naye akawa mkubwa wake. Alifariki tarehe 2 Februari 1852. Wanawe walifika Unguja mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868, wakawapokea watumwa waliokombolewa.

Nasi hapa Shasha tunao ndugu wa namna hiyo. Akiinuka, tusimwache. Tumwulize amelalaje na moyo wake ukoje. Asiache dawa kwa sababu tu haanguki tena. Kwanza apate shauri la mganga wa kituo cha afya. Akisema anatamani kufa, tusimkemee wala tusimwache peke yake, bali tumpeleke kwa mganga siku ile ile. Tusali pamoja naye, maana sala na dawa hazigombani.