Arthur Berson, mzee wa vishada aliyeusaka upepo wa Ziwa Victoria

Kiangazi kikiingia hapa Koboko, wanafunzi wangu huokota mifuko ya plastiki sokoni, huifunga kwenye vijiti na kurusha vishada. Wazazi wengine hukasirika, wakiona ni kupoteza wakati. Ndipo mimi huwasimulia habari za Arthur Berson, mtu mzima ambaye kazi yake ya kuchunguza anga ilimleta na vishada vyake hadi kwetu Afrika Mashariki.

Berson alizaliwa mwaka 1859 katika mji ambao leo unaitwa Nowy Sącz, nchini Poland, akafanya kazi Ujerumani. Tarehe 31 Julai 1901, yeye na mwenzake Reinhard Süring walipaa kwa puto kutoka Berlin hadi kiasi cha mita 10,800, juu kuliko kilele cha Everest. Walibeba oksijeni, lakini wote wawili walizimia. Kwa bahati njema puto lilishuka, wakapona.

Kituo cha Lindenberg, karibu na Berlin, kilifunguliwa mwaka 1905. Kishada cha huko hakikuwa mchezo. Kilikuwa kama sanduku la vijiti na kitambaa, kikishikiliwa kwa waya wa chuma, na kilibeba chombo cha kuandika joto na unyevu wa hewa. Mwaka 1919, vishada vya kituo hicho vilivyofungwa kwenye waya mmoja vilifika mita 9,740.

Mwaka 1908 Berson, pamoja na Hermann Elias, aliongoza msafara wa kupima hewa ya Afrika Mashariki. Pale vishada visipoweza kufika, walitumia maputo. Juu sana angani, eneo la Ziwa Victoria, walikuta upepo unaotoka magharibi. Wataalamu walishangaa, kwa sababu mlima Krakatau wa Indonesia ulipolipuka mwaka 1883, vumbi lake lilipeperushwa kutoka mashariki kwenda magharibi. Je, nani alikuwa na haki?

Berson alifariki mwaka 1942 bila kupata jibu. Lilipatikana karibu na mwaka 1960: upepo huo wa juu ya ikweta hugeuka. Huvuma kutoka mashariki kwa mwaka mmoja hivi, kisha kutoka magharibi, na mzunguko wote huchukua takriban miezi 28. Kumbe vipimo vyote viwili vilikuwa sahihi, kila kimoja kwa wakati wake.

Habari hii hunigusa. Mimi nilisomea uhamishoni, upande wa Zaire. Tuliporudi nyumbani, waliokimbilia Sudan walisimulia vita kwa namna yao, sisi wa Zaire kwa namna yetu, na waliobaki kwa namna yao. Tuliitana waongo, hata ndugu wa tumbo moja. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kila mmoja alisema alichokiona, mahali alipokuwa, siku aliyokuwapo. Hata leo, sokoni Arua au njiani kwenda mpakani, ubishi huo bado nausikia.

Basi mzazi mwenzangu, usimchape mtoto kwa sababu ya kishada. Mnunulie uzi, mwambie arushe uwanjani, mbali na nyaya za umeme. Jioni akirudi, muulize upepo wa leo umetoka wapi, na umsikilize.