Ramani ya Daktari wa Jicho Moja

Kila nifundishapo urithi hapa Sigor, wanafunzi huniuliza kama saratani hupita katika damu ya ukoo. Mimi huwajibu kwa maisha ya Denis Burkitt.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, na akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja. Mwaka 1946 alitumwa Uganda, kwanza Lira, baadaye Mulago akiwa mpasuaji. Mwaka 1957 aliitwa amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona wa pili, huko Jinja. Wengi wangesikitika na kuendelea na kazi. Yeye akaanza kuhesabu na kuchora ramani.

Mwaka 1961, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu maili zipatazo 10,000 hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama zimeuona uvimbe ule. Ulikuwepo penye joto na mvua, ukatoweka nyanda za juu. Karibu na ikweta mpaka ulikuwa kama futi 5,000. Majani chai yetu humea juu ya hapo. Kilichowatenga wagonjwa na wazima, basi, hasa kilikuwa mahali. Malaria ikashukiwa, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi walivyoviona katika chembe za uvimbe huo.

Hata hivyo urithi haukosi sehemu yake. Mtoto aliyerithi jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali, na uchunguzi uliofanywa Afrika Mashariki waashiria kuwa hatari ya uvimbe huu nayo humpungukia. Wataalamu wamechunguza pia kama jeni za kinga tulizorithi hubashiri nani atapona limfoma. Majibu yao bado hayalingani.

Ndiyo maana naudhika mzazi anapoambiwa uvimbe wa mwanawe ni mkosi wa ukoo, akakaa naye nyumbani. Uvimbe huu waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Burkitt, ambaye kisu chake hakikuwafaa watoto wale, aliwapa dawa pale Mulago, mara nyingi kwa dozi ndogo, na baadhi yao walipona kabisa.