Glenn Curtiss: fundi baiskeli aliyeanza na kopo la nyanya

Wasomaji wetu mlioko Louisville, Columbus na Buffalo, wengi wenu mkiwa mmefika huko kutoka Kongo, Somalia na kambi za wakimbizi za kwetu, mnapita mara kwa mara karibu na viwanja vya ndege ambako wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia palikuwa na viwanda vikubwa vya kampuni ya Curtiss-Wright. Leo tunamzungumzia Curtiss huyo, kwani hakuwa mwanajeshi wala tajiri wa kurithi. Alikuwa fundi wa mtaani, na elimu yake iliishia darasa la nane.

Glenn Hammond Curtiss alizaliwa Mei 21, 1878 katika mji mdogo wa Hammondsport, jimbo la New York. Baba yake alifariki akiwa bado mtoto. Dada yake Rutha alipoteza uwezo wa kusikia kutokana na ugonjwa, familia ikahamia Rochester kulikokuwa na shule ya viziwi. Huko kijana akapeleka simu za maandishi kwa baiskeli, kisha akarudi Hammondsport na kufungua karakana ya baiskeli.

Mwaka 1901 akataka baiskeli yenye injini. Aliagiza kwa posta, kutoka kampuni ya E. R. Thomas ya Buffalo, vyuma vya injini vilivyosubiwa tu, bila kukerezwa na bila maelezo ya namna ya kuviunganisha. Kila kilichopungua ilibidi akitengeneze mwenyewe. Kabureta hakuwa nayo, hivyo akaiunda kutokana na kopo tupu la nyanya. Fundi yeyote wa Gikomba au Gerezani atamwelewa hapo bila kufafanuliwa. Injini hiyo ilikuwa dhaifu, iliyofuata ikawa nzito mno, na ndipo alipoamua kubuni ya kwake, nyepesi na yenye nguvu.

Wepesi huo ndio uliomfungulia milango. Mwaka 1904 Thomas Baldwin, mrusha maputo, alichukua injini ya pikipiki ya Curtiss akaifunga kwenye chombo chake cha angani. Baadaye Curtiss akaunda injini ya silinda nane kwa ajili ya vyombo kama hivyo, kisha akafanya jambo ambalo vijana wa gereji wangelifanya hata leo: akaifunga kwenye pikipiki. Mnyororo usingehimili nguvu ya farasi 40, kwa hiyo akaweka shafti. Mwezi Januari 1907, kwenye mchanga wa Ormond Beach, Florida, alimaliza maili moja kwa sekunde 26.4, yaani zaidi ya kilomita 219 kwa saa. Alipotaka kurudia, jointi ya shafti ilikatika katikati ya mbio. Alisalimika.

Tarehe 4 Julai 1908 aliruka mbele ya umma kwa ndege iliyoitwa June Bug. Mwaka uliofuata kesi ikaanza. Ndugu wawili Wright wa Dayton, Ohio, nao mafundi baiskeli, walikuwa wameruka tangu 1903, na hataza yao ilihusu namna ya kuizuia ndege isilale upande. Wao walipinda bawa lenyewe, Curtiss alitumia vipande vidogo vinavyochezeshwa pembeni mwa mabawa. Mahakama iliwapa ushindi akina Wright mwaka 1914.

Kwa maoni yetu kipande cha Curtiss kilikuwa bora, na ndege za leo zinafuata njia hiyo. Lakini alichofanya mwaka huo huo hatumtetei. Alichukua ndege ya marehemu Samuel Langley iliyoanguka mtoni mwaka 1903, akaibadilisha sehemu nyingi, akairusha kidogo, kisha ikatangazwa na taasisi ya Smithsonian kwamba ingeweza kuruka kabla ya ile ya Wright. Orville Wright alikasirika hata akapeleka ndege yake London mwaka 1928, na haikurudi Marekani hadi 1948. Ugomvi wa hataza wenyewe ulizimwa na vita mwaka 1917, serikali ilipohitaji ndege kwa haraka, na kiwanda cha Curtiss cha Buffalo kikatoa maelfu ya ndege za mafunzo.

Mwaka 1929 kampuni mbili zilizobeba majina ya mahasimu hao ziliunganishwa. Curtiss alifariki mjini Buffalo Julai 23, 1930, baada ya kupasuliwa kidole tumbo, akiwa na miaka 52. Wakati wa vita, Buffalo na Louisville walitengeneza ndege za mizigo za C-46, na Columbus, katika jimbo la akina Wright wenyewe, ndege za kivita za Helldiver. Vita vilipokwisha kiwanda cha Louisville kilichukuliwa na International Harvester, kikaanza kutoa matrekta.