WAZIRI MKUU CHINI YA WAZIRI KIONGOZI

Kila atakaye kufahamu jinsi dola ya shirikisho inavyotawaliwa kwa Bunge, na jinsi inavyoweza kukwama, yafaa ayatazame maisha ya marehemu Alhaji Sir Abubakar Tafawa Balewa, Waziri Mkuu wa Nigeria.

Alizaliwa mwaka 1912 katika nchi ya Bauchi, upande wa Kaskazini, katika nyumba isiyokuwa na usultani. Alisoma katika Chuo cha Katsina, akawa mwalimu, na katika miaka ya 1930 akatunga kwa Kihausa kitabu cha hadithi kiitwacho Shaihu Umar. Ni wanasiasa wachache wa kizazi chake waliotunga hadithi. Mwaka 1945 alikwenda London kusomea ualimu, na aliporudi aliingia katika siasa.

Hapo kwanza hakuamini kwamba Nigeria ni nchi moja; aliuona umoja wake kuwa ni kazi ya Waingereza tu. Lakini mwaka 1955, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alizuru Marekani kutazama usafiri wa mitoni, akarudi akisadiki kwamba watu wa makabila na dini mbalimbali waweza kuishi chini ya shirikisho.

Katiba aliyoiongoza tangu tarehe 1 Oktoba 1960 iligawa madaraka. Ulinzi, mambo ya nchi za nje, sarafu na reli vilikuwa vya Serikali ya Shirikisho. Mambo mengine yalikuwa ya pande zote mbili, na sheria zikigongana ile ya Shirikisho ilishinda. Yasiyotajwa yalibaki kwa Majimbo, na kila Jimbo lilikuwa na Bunge lake na Waziri Kiongozi wake.

Kwenye karatasi mpango huo ulikuwa mzuri. Ubovu wake ulikuwa katika vipimo. Kati ya viti 312 vya Baraza la Wawakilishi, Kaskazini peke yake ilikuwa na 174. Yaani chama kiliweza kuitawala Nigeria nzima bila ya kuomba hata kura moja Kusini. Tena kiongozi wa chama kikubwa cha Kaskazini, Sardauna Ahmadu Bello, alichagua kubaki Kaduna kuwa Waziri Kiongozi, akamwachia naibu wake kiti cha Lagos. Naibu huyo ndiye Balewa. Mbele ya Bunge alikuwa mkuu wa Serikali. Ndani ya chama chake alikuwa mtu wa pili.

Matokeo yake yalionekana katika Jimbo la Magharibi. Mwezi Mei 1962 wabunge wa Jimbo hilo walipigana kwa viti ndani ya Bunge lao, na siku chache baadaye Balewa alitangaza hali ya hatari na kuweka msimamizi wa kulitawala. Mwaka 1965 uchaguzi wa Jimbo hilo hilo ulijaa udanganyifu, nyumba zikachomwa na watu wakauawa, wala hakutangaza hali ya hatari. Waziri Kiongozi wa Magharibi, Akintola, sasa alikuwa mshirika wa Sardauna. Hapana shaka Balewa alikuwa mtu mpole na mwaminifu, lakini upole haukumpa madaraka ambayo chama chake kilimnyima.

Watanganyika walipata msaada wake: baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, Serikali yake ilileta kikosi cha jeshi kulinda nchi hii mpaka jeshi jipya lilipoundwa.

Mwezi Januari 1966 alikuwa mwenyeji wa Mawaziri Wakuu wa Jumuiya ya Madola, waliokutana Lagos kwa ajili ya Rhodesia. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 15, maofisa wa jeshi walimteka nyumbani kwake. Maiti yake ilikutwa kando ya barabara. Sardauna na Akintola waliuawa usiku huo huo.

Mwaka 1967 Majimbo manne yalivunjwa yakawa 12, na leo ni 36. Katiba ya mwaka 1979 ilileta Rais mwenye madaraka ya utendaji, na Nigeria haijapata kuwa na Waziri Mkuu mwingine.