Bruno Gutmann: Mmisionari aliyeyaandika mafundisho ya fimbo ya Wachaga

Kabla ya daftari na kalamu kuzoeleka Old Moshi, kijana wa Kichaga alifundishwa kwa fimbo. Siyo fimbo ya kuchapia, la. Hii ilichongwa alama na iliitwa mregho.

Wakati wa jando, mwalimu alifuata alama moja baada ya nyingine, na kila moja ilimkumbusha somo la kutoa: mwanzo wa maisha ya binadamu, ndoa, heshima kwa wakubwa. Alama hizo hazikuwa herufi. Asiyefundishwa aliona mikato tu kwenye mti.

Mtu aliyetumia miaka mingi kuyahamishia mafundisho hayo kwenye karatasi ni Mjerumani, Bruno Gutmann.

Alizaliwa Dresden tarehe 4 Julai 1876. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilimleta Kilimanjaro mwaka 1902, na kuanzia 1910 kituo chake kikawa Kidia, Old Moshi. Huko alijifunza Kichaga kwa undani, akawa anakaa na wazee, anauliza, anaandika. Agano Jipya pia alilitafsiri kwa Kimochi, yaani Kichaga cha hapo Old Moshi.

Lakini alikuwa anakimbizana na muda. Shule na kanisa vilikuwa vinalisukuma jando pembeni, na jando likiisha, nani ataisoma mregho? Kumbe misheni iliyomleta Gutmann ilikuwa inachangia kuondoa kile kile alichotaka kukihifadhi.

Mwaka 1920, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walimrudisha kwao. Hakuacha kazi. Mwaka 1922 na 1923 alichapisha Ujerumani maandishi yake kuhusu mafundisho ya mregho. Aliporuhusiwa kurudi Old Moshi katikati ya miaka ya 1920, aliendelea. Mwaka 1926 kikatoka kitabu kikubwa kuhusu sheria za Wachaga, kisha kati ya 1932 na 1938 yakatoka majuzuu matatu ya mafundisho ya jadi.

Si wote waliomkubali. Gutmann aliamini ukoo, ujirani na rika ndiyo nguzo za jamii, na kwamba kanisa lijengwe juu yake. Wakosoaji walisema alitaka Wachaga wabaki walipokuwa, wakati wenyewe walishaanza kutafuta shule, kahawa na fedha.

Aliondoka Kilimanjaro moja kwa moja mwaka 1938, akafariki Ujerumani tarehe 17 Desemba 1966 akiwa na miaka 90.

Kazi yake imebaki, ila maelezo yake aliyaandika kwa Kijerumani. Zamani kijana wa Old Moshi alihitaji mzee wa kumsomea fimbo. Leo mjukuu wake anahitaji mtu wa kumsomea kitabu.