SAMORA WA NACHINGWEA

Sisi tukaao Mtwara, karibu na mdomo wa Ruvuma, twalijua jina la Samora Machel kama jina la jirani. Lakini wengi hukumbuka bunduki yake, wakasahau kazi iliyoitangulia bunduki: kuwagawa vijana vikosini.

Samora alizaliwa mwaka 1933 katika jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji, akawa muuguzi. Mwaka 1963 alitorokea Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO, akapelekwa Algeria kujifunza vita. Mapigano yalianza tarehe 25 Septemba 1964. Filipe Magaia, mkuu wa jeshi, alipouawa mwaka 1966, Samora alishika mahali pake.

Kambi kubwa ilikuwa Nachingwea, siku zile ikiwa katika Mkoa wa Mtwara. Vijana walifundishwa miezi michache tu, kisha wakavuka mto. Wengi walikuwa Wamakonde, kwa kuwa vita vilianzia kwao. Ingekuwa rahisi kumwacha kila mtu katika kikosi cha watu wa kwao, wenye lugha moja na wanaozijua njia za msitu. Samora alikataa. Mmakonde, Mmakua, Mnyanja na mtu wa Gaza walikaa kambi moja, wakalima shamba moja, wakapigana bega kwa bega. Mwaka 1967 wanawake nao walianza mafunzo hapo. Wala haikuwa kazi nyepesi: ili waelewane, iliwabidi kutumia Kireno, lugha ya adui.

Wako waliochukia. Lazaro Kavandame, mwenyekiti wa FRELIMO wa Cabo Delgado, alitaka jimbo lake liwe mikononi mwa wenyeji. Desemba 1968 Paulo Kankhomba, mmoja wa wakuu wa jeshi, aliuawa alipokuwa akivuka Ruvuma kwenda jimbo hilo. Mwaka uliofuata Kavandame alijisalimisha kwa Wareno.

Eduardo Mondlane aliuawa Februari 1969, na mwaka 1970 Samora akawa rais wa FRELIMO. Mwaka 1975 alisafiri toka Ruvuma hadi mji mkuu, na tarehe 25 Juni akatangaza uhuru. Alifariki katika ajali ya ndege huko Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986.

Twasema hivi: kila apangaye watu kazini, bandarini au katika ghala la korosho, na aulize mtu huyu aweza nini. Akianza kuuliza katoka wapi, ajue kwamba swali hilo lilikwisha kumwaga damu katika mto wetu.